Kete Kubwa za Kinyozi

Fundi viatu alikuwa ameshakata shauri: akimkamata kinyozi na hila yake leo, urafiki wa miaka kumi na miwili unaishia humo humo kwenye duka la michezo. Hataki samahani wala nini. Mtu mzima na ndevu zake anaiba kwenye sataranji, mchezo wa kupitishia jioni tu!

Mwezi mzima amemvumilia. Kinyozi anamshika mfalme, anamkimbiza ubao mzima kana kwamba ni malkia. Ukimwuliza, anacheka: "Ah, mkono umeteleza." Mkono gani huo unateleza mara nne kwa wiki? Halafu juzi kaibuka na jipya, eti seti yao imechoka, watafute kubwa. Imechoka wapi? Fundi akahisi kuna namna, ndiyo maana amekuja naye, amemkodolea macho tangu mlangoni.

Mama muuzaji aliwapangia seti tatu mezani. "Kwa kujifurahisha tu, hii ya kati inawatosha," alisema. "Na ubao mnaupima hivi: askari wanne waenee kwenye mraba mmoja, wasisukumane wala wasipwaye. Hapo kete na ubao vinaendana."

Kinyozi hakuigusa ya kati. Alimchukua mfalme wa ile kubwa kuliko zote, mrefu karibu shubiri nzima, akampapasa kichwa. Akampapasa na malkia. Akarudia tena, taratibu.

Anatafuta alama, fundi akawaza. Loo, huyu bwana kafika mbali.

"Nachukua hizi," kinyozi alisema, akauvuta ubao mmoja karibu. "Ila ubao nataka mweusi na mweupe hasa, siyo huu wa kahawia."

"Baba, huo ndio mweusi na mweupe," mama alisema. "Wa kahawia ni ule pale."

Kinyozi akakohoa, akasema duka lina giza. Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa mezani. Fundi alichukua kete kwenye seti ndogo, akaiinua mbele ya rafiki yake.

"Huyu nani?"

"Acha utoto."

"Nakuuliza, huyu nani?"

"Malkia," kinyozi alijibu.

Alikuwa farasi. Mama muuzaji akajifanya ana kazi kwenye rafu za nyuma.

"Tangu lini?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Miezi kadhaa. Wembe nimemwachia binti yangu, wateja wanadhani nimekuwa bosi." Alijaribu kucheka, haikutoka. "Daktari kasema macho hayarudi. Hizi kubwa nitaziona kidogo kidogo, zikigoma nitazishika kwa vidole."

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aliwapanga askari wanne wa seti kubwa kwenye mraba mmoja wa ubao ule, wakaenea sawasawa. Akausogeza upande wa zile kete.

"Mwezi mzima nimekuita mwizi," alisema.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Nilikuita moyoni."

"Na kila jioni ulikuwa unakuja?"

"Sasa nisipokuja kwako, nitacheza na nani?"

Kinyozi aliinamisha kichwa, bado amemshika yule mfalme.

"Swali hilo hilo," alisema, "ndilo lililonifunga mdomo."