Miaka Kumi na Tisa Isiyo na Askofu

Shee bin Mabruki alikuwa na mkono ambao hata mahasidi wake waliukubali. Kibao chochote pale River Road, Nairobi, kilichosomeka vizuri, kiwe cha kinyozi au aya ya Kiarabu juu ya mlango wa duka, ukiuliza nani kakiandika utaambiwa ni yule mzee wa Lamu. Asubuhi aliandika vibao, alasiri akasomesha watoto Kurani katika madrasa iliyokuwa nyuma ya soko. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza ijaza yake iko wapi, yaani idhini ya kusomesha aliyopewa na mwalimu wake. Mtu mwenye mwandiko ule, nani angemshuku?

Mwaka ule wa 1973 wakauliza. Kamati ya madrasa ilikuwa inatafuta mwalimu mkuu, ikaagiza kila mwalimu alete silsila yake kwa maandishi: alisoma kwa nani, na huyo alisoma kwa nani, mkono kwa mkono hadi juu. Mwisho ni Ijumaa. Shee akajibu inshallah kama mtu asiye na neno, akaenda nyumbani, na chakula kikamshinda.

Silsila yake ilikuwa na pengo. Mwalimu wake, Mwalimu Abudi, alifariki Lamu wakati Shee yuko Nairobi akitafuta riziki, na juzuu tano za Shee, kati ya thelathini za Kurani, mwalimu alikuwa bado hajazisikiliza. Ijaza akaipata Idarus, mdogo wake kwa miaka kumi na miwili, ambaye Shee mwenyewe ndiye aliyemfundisha alifu na be. Idarus naye akahamia Nairobi, akawa na darasa lake Kawangware. Siri hiyo waliijua watu wawili tu, Idarus na Zena, mkewe Shee. Zena alishasema mpaka akachoka, Baba Khamisa, nenda kwa Idarus ukamalize. Shee alikuwa na jibu moja: hakai yeye kwenye mkeka mbele ya mtu ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimfuta makamasi. Mficha uchi hazai, lakini mwambie hivyo mwenye kiburi uone kama atakusikia.

Jumatatu ya wiki hiyo akaja Kihara, katekista wa Kabiria, na karatasi ndefu mkononi.

"Mzee, hii kazi Father anaitaka before Sunday," alisema. "Majina ni mingi kidogo."

Yalikuwa majina sitini na moja. Father ni Padri Konradi, Mjerumani mzee aliyejifunzia Kiswahili Songea kabla ya kuletwa Nairobi. Majina yalikuwa ya maaskofu wote wa Ransberg, jimbo alikozaliwa, kuanzia wa kwanza, zaidi ya miaka elfu moja nyuma, hadi yule mpya aliyewekwa Pasaka iliyopita. Waumini wa Ransberg ndio waliojenga kanisa dogo la Kabiria. Padri alitamani sana kwenda kumwona huyo mpya, lakini miguu ilikuwa imemvimba na daktari alimkatalia. Basi akataka ubao utundikwe ukutani, ausome Jumapili, watu wake wajue wanaombewa na nani.

Shee aliipenda kazi ile kupita kiasi. Kumbe na hawa wana silsila! Akaichora kwa rangi nyeusi, na tarakimu za miaka kwa nyekundu. Siku mbili hakusikia kelele za barabarani. Alipofika jina la arobaini na saba mkono ukasita. Askofu Leonhard alifariki 1802. Aliyemfuata, Gebhard, alianza 1821. Shee akahesabu mara tatu. Kwa alivyojua yeye, kila mmoja hupokea kwa aliyemtangulia, na maiti hatoi ijaza. Hawa miaka kumi na tisa walipokea kwa nani? Akaona ama mwandishi wa karatasi kakosea, ama kuna aibu ambayo padri ameshindwa kuificha. Basi kwa moyo mweupe kabisa akamwongezea Leonhard umri. Akamfikisha 1821, pengo likazibika, na ubao ukapendeza.

Uongo unaomsemea mwenzio hauwashi kooni. Jioni ileile, kabla brashi haijakauka, Shee alichukua karatasi safi akaandika silsila yake mwenyewe: Shee bin Mabruki, kwa idhini ya Mwalimu Abudi, na Mwalimu Abudi kwa idhini ya fulani, hadi juu. Ilitoka nzuri ajabu. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

Alhamisi yeye na Kihara waliupeleka ubao Kabiria. Padri Konradi alikuwa barazani, miguu juu ya kigoda. Akaanza kusoma jina moja moja kwa kidole, akitabasamu kama anaonyeshwa picha za nduguze. Alipofika la arobaini na saba kidole kikasimama. Akauliza miaka hii imetoka wapi.

"Nimekustiri, Padri," Shee akamwambia, na alijisikia vizuri kulisema.

Padri alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka.

"Leonhard alikufa, Mzee Shee. Watawala waligawana mali ya kanisa, wakakataa awekwe mwingine. Kiti kilikaa kitupu miaka kumi na tisa."

"Na huyu Gebhard alipokea kwa nani, na mwenzake yuko kaburini?"

"Kwa majirani. Maaskofu watatu wa majimbo mengine walikuja wakamwekea mikono. Wao walikuwa hai, na walikuwa na kitu hichohicho alichokuwa nacho Leonhard."

Padri akausogeza ubao karibu na kifua chake.

"Mama wa bibi yangu alizaliwa katika miaka hiyo," akasema. "Akabatizwa humo, akakulia humo, na hakuwa na askofu. Walisali hivyohivyo. Ukimpa marehemu miaka ile, umewanyang'anya wao. Niandikie tu kwamba kiti kilikuwa kitupu."

Shee akaomba mafuta ya taa na kitambaa, akaifuta miaka aliyoizua, akaandika hapohapo barazani: kiti kitupu, 1802 hadi 1821. Kihara alitikisa kichwa, akasema kumbe hata huko majuu bishop anaweza kosekana. Padri alimshukuru Shee kwa mikono miwili. Shee aliona haya, maana ile karatasi ya mfukoni ilikuwa inamkera ubavuni.

Njia ya kwendea basi ilipita Kawangware. Angeweza kupita moja kwa moja, kama alivyopita mara nyingi, akitazama upande wa pili ili asimsalimu Idarus. Siku hiyo alisimama mbele ya mlango wa darasa, akatoa karatasi, akairarua vipande vinne, ndipo akapiga hodi.

Idarus aliinuka upesi. "Karibu, kaka Shee."

"Mwalimu," Shee akaanza, na hakuwa amewahi kumwita hivyo maishani, "nimekuja kumaliza juzuu zangu tano."

Watoto wote waligeuka kumtazama. Idarus akamwambia kwa sauti ya chini kwamba watu wa kamati walifika kwake wiki mbili zilizopita kumwulizia.

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia wewe ndiye uliyenifundisha alifu. Mengine wakuulize mwenyewe."

Shee aliumia kuliko angetukanwa. Miaka kumi na minne alikuwa akimkwepa mtu aliyekuwa akimsitiri.

"Lakini kesho ni Ijumaa," Idarus akaendelea. "Juzuu tano si za siku moja. Na mimi siwezi kukuandikia nisichokisikia. Ukuu wa madrasa utaukosa, na huenda na darasa lako."

"Najua. Kesho nitawaambia kwenye silsila pa kwangu hapajajazwa."

Idarus akataka kuwatoa watoto nje. Shee akamzuia, akavua viatu, akaketi mkekani kati ya wasichana wawili waliomsogezea nafasi kidogo tu. Magoti yalimwuma. Akapiga bismillahi, akaanza kusoma kwa sauti yake nzuri iliyosifiwa mji mzima. Aya ya tatu Idarus akainua kidole.

"Rudia."

Neno hilo Shee alikuwa amewaambia watoto wa watu kila alasiri. Akarudia.