Choo cha Wageni

Hivi, wewe umewahi kubanwa na haja huku wageni wamekaa kati yako na njia ya kutokea? Kama hujawahi, shukuru Mungu, kisha tulia nikusimulie siku kamati ya afya ilipokuja kukagua kwetu.

Choo chetu alikichimba mume wangu mwenyewe. Ardhi ile ni mwamba mtupu. Ukipiga jembe, linakurudishia salamu mpaka begani. Aliwasha moto juu ya jiwe, akalimwagia maji lipasuke, akaling'oa kwa mtaimbo kipande kwa kipande. Viganja vikatoa malengelenge, malengelenge yakawa sugu. Shimo lilipompita kichwa, akalifunika kwa sakafu ya saruji, akaisugua kwa chupa mpaka ikang'aa. Akapandisha kuta, akatia mlango wa bati, akaupaka rangi ya kijani. Nje akaning'iniza dumu la kunawia: unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachuruzika. Sabuni pembeni, majivu kwenye kopo lenye mfuniko.

Kisha akapiga kufuli.

"Shimo hili likijaa, nani atachimba jingine?" akasema. "Hiki ni cha wageni, na cha siku ya ukaguzi."

"Na sisi je?"

"Kwani siku zote mlikuwa mnakwenda wapi?"

Tulikuwa tunakwenda korongoni, nyuma ya vichaka, kama kijiji kizima. Mvua ikinyesha, yote tuliyoyaacha huko yanateremka hadi kisimani, na watoto wanaharisha. Nilimsema kwa upole, nikamsema kwa ukali, nikamnunia. Ufunguo ukabaki shingoni mwake, analala nao. Jirani yetu mshona nguo, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, akambandika jina: Mzee Kufuli.

Sasa, tulikuwa tunaishi na mke wa mwanangu. Mumewe alikuwa kazini mbali, naye mimba ilikuwa imekomaa, tumbo limeshuka. Siku moja kabla ya ukaguzi aliteleza kwenye ukingo wa korongo, akaanguka kifudifudi. Mkunga akaja, akamshika tumbo, akasikiliza kwa muda mrefu hata mimi nikasahau kupumua.

"Mtoto yu hai," akasema. "Lakini korongoni usishuke tena, mwanangu. Ukianguka mara nyingine, mimi siahidi kitu."

Nikampelekea mume wangu maneno yale kama yalivyo. Akakuna kidevu.

"Kesho ukaguzi ukipita, nitafungua. Wakikuta kimechafuka, kijiji kizima kinakosa kibao kwa sababu yetu. Unataka nizomewe?"

Maana masharti yalikuwa hivyo: kila nyumba iwe na choo, na pasiwe na mtu hata mmoja anayejisaidia vichakani. Nyumba moja ikianguka, kijiji chote kimeanguka, na kile kibao cha kijiji safi kinakwenda kwa wengine.

"Mwombe mwenyewe," nikamwambia binti, huyo mke wa mwanangu. "Wewe hatakukatalia."

"Mama! Nimtamkie baba mkwe neno choo?" Akajifunika uso kwa kanga. Tangu aolewe, kwa mkwewe alikuwa na maneno mawili tu: shikamoo, na chakula tayari.

Asubuhi ya ukaguzi tumbo lake likaanza kunguruma. Nilikuwa naye jikoni, jiko letu lile la nguzo na paa, lisilo na mlango. Nikaona jasho linamtoka puani. Nikatazama njia ya korongo: mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaweka vijana pale, na atakayeonekana anashuka atatajwa mkutanoni. Nikafikiria ndoo. Lakini wanakamati walikuwa wameshaingia nyumbani, mmoja anafunua mitungi ya maji, mwingine anachungulia vyumba. Uani, kwenye benchi, mwenyekiti na jirani mshona nguo wamekaa wakitutazama sisi.

"Mwenzangu, mbona mkamwana wako anacheza ngoma bila ngoma?" jirani akaniuliza kwa sauti.

"Mwenye mimba haulizwi," nikamjibu.

Binti alikuwa amekamata nguzo, vidole vimekuwa vyeupe. Nikaenda kwa mume wangu, nikamnong'oneza: "Nipe ufunguo."

"Nimeshapiga deki, tulia."

"Si deki. Mke wa mwanao..."

"Wageni wakiondoka!" Akanigeuzia mgongo, akajipangusa kanzu, akaenda kumpokea bibi afya.

Bibi afya alikuwa mama wa makamo, mabuti miguuni, chaki mkononi. Kila choo kilichofaulu alikuwa anakichora alama mlangoni. Mume wangu akafungua kufuli kama anayefungua hazina. Bibi afya akainama, akatazama sakafu, akafunua kopo la majivu, akakanyaga kijiti akanawa.

"Hongera, mzee. Safi sana. Na mnakitumia?"

"Wote! Mkubwa kwa mdogo."

Jirani akakohoa. Mwenyekiti akamkata jicho. Na mume wangu, kwa mazoea tu, akavuta mlango, akabana kufuli, akarudisha ufunguo shingoni.

Nikarudi jikoni mbio. Binti alikuwa amefumba macho, machozi yanapita pembeni. "Mama, siwezi tena. Nitashuka korongoni."

"Mkunga alisemaje?"

"Sasa nifanye nini?"

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema."

Akatazama vijana kule njiani. Akatazama tumbo lake. Bibi afya alikuwa ameshainua chaki, na mwenyekiti ameanza kutabasamu, maana nyumba yetu ndiyo iliyokuwa imebaki peke yake. Binti akaachia nguzo. Akavuka ua taratibu, miguu imebanana, mkono mmoja chini ya tumbo, mbele ya wote wale.

"Baba," akaita.

Mume wangu akageuka, akashtuka. Hakuwahi kuitwa hivyo na sauti ile. "Ngoja kwanza, mama. Wageni."

"Mrudishe jikoni!" mwenyekiti akanifokea mimi.

Sikumrudisha. Chaki ya bibi afya ikasimama hewani. Binti akanyoosha kiganja mpaka karibu na kifua cha mkwewe, ulipolala ufunguo.

"Baba, nifungulie. Tangu siku ulipotia huo mlango nakitaka hiki choo, na sijakiingia hata mara moja. Nakitaka sasa hivi."