Chumba cha Makoti

Katika duka letu la mitumba hapa ughaibuni, Winnipeg, koti la sufu halisi tulilitambua kwa pua. Wazee wa mji wakifariki, watoto wao hutuletea makoti yenye vidonge vyeupe vya kufukuza nondo mifukoni. Likinuka vidonge, basi ni sufu, na bei inapanda. Kazi hiyo ilikuwa yangu na mwenzangu Ofelia, katika chumba kisicho na dirisha, mlango umefungwa ili joto lisitoke.

Kisha binti yangu Marivic akajifungua, na mtoto akageuka manjano mpaka machoni. Daktari akaeleza kwamba damu yake ina upungufu wa kurithi, na mvuke wa vidonge vile unaweza kuivunja, hata ule ulioshika kwenye nguo za mtu.

Marivic akanitazama. "Mama, wewe unanuka vidonge."

Nilinusa kiganja changu. Sikusikia kitu.

Tangu hapo sikutulia. Kila jioni nilivua nguo gerejini kwenye baridi kali, nikaoga kwa sabuni na siki, nikasimama mlangoni ninuswe. Kila jioni Marivic alitikisa kichwa. Nilikula wima jikoni huku mtoto analia ghorofani, nisikoruhusiwa kupanda. Nilishika rozari, lakini sala ilinitoroka katikati, nikaanza upya, ikanitoroka tena. Nilimwomba Mungu anirudishie pua tu, nijue kama nimetakata.

Nikamwomba Ofelia aninuse. Akacheka.

"Dada, unamuuliza kipofu rangi ya shati?"

Hata hivyo alininusa, naye hakusikia kitu. Kicheko kikamkauka. Tukakumbuka vichwa vyetu vinavyouma kila alasiri, na jinsi tulivyokuwa tukiilaumu baridi. Tukamwita kijana wa kaunta. Alisema huwa anajua tunakuja kabla hajatuona, maana tunanuka kabati la marehemu.

Nilikwenda na Ofelia kwa msimamizi, Bwana Halvorsen. Niliomba makoti yafunguliwe nje kwanza, chumba kiwekewe feni ya kutoa hewa, au nihamishiwe upande wa vyombo. Akasema harufu haijaua mtu. Bibi yake aliishi nayo hadi miaka tisini.

"Basi mletee bibi yako makoti ayapange," Ofelia akasema.

Halvorsen hakucheka. Alisema asiyekitaka chumba, mlango anaujua. Nikavua aproni. Ofelia ana watoto anaowasomesha kwao Iloilo, hakuweza kunifuata. Lakini nilipotoka alikuwa anasukuma sanduku la mabuti kuuzuia mlango usijifunge, na Halvorsen anamfokea.

Nguo zote za kazi nilizitupa. Nilioga mpaka ngozi ikaniwasha. Marivic akaninusa shingo, mikono, kisha utosi. Hapo akakunja pua. Nywele zangu zinafika kiunoni. Sijazikata tangu nilipoolewa.

"Imebaki kwenye nywele tu, Mama. Labda itaisha baada ya wiki kadhaa."

"Leta mkasi."

Alisita. Juu mtoto alianza tena kulia, na Marivic akapanda ngazi kuufuata mkasi, huku mimi nikizifungua nywele.