Namba ya Siafu

Siafu alikuwa ameshashuka ngazi tatu za ukumbi wa ndondi alipolazimika kukaa. Nilimbebea mfuko, maana miguu yake, iliyozoea kuruka kamba dakika ishirini bila kukosea, sasa ilikuwa imevimba kama magunia. Kocha alibaki juu akiwafunga wengine glovu. Hakuja mlangoni.

Nimezunguka nchi nyingi na kushika kazi nyingi kuliko meno niliyobaki nayo. Hapo nilikuwa mshika pedi: bondia anapiga, viganja vyangu vinapokea. Kocha alikuwa na desturi yake. Kila raundi ya mazoezi ikiisha, aliuliza, "Ngapi?" na bondia akataja uzito wa kazi aliyoifanya, moja mpaka kumi. Moja ni usingizi, kumi ni kaburi. Ukisema nane, unapumzishwa. Ukisema tano, unaongezewa. Na mwili wa mtu ulikuwa na msemaji mmoja tu, mwenyewe. Mshika pedi aliyenitangulia alimsemea bondia, akafukuzwa siku hiyohiyo.

Siafu alisema tano, kila siku. Nafasi ya kupigania ubingwa ilikuwa moja, naye aliwaona waliosema nane wakikalishwa benchi mpaka wakasahaulika.

"Huyu kachongwa kwa jiwe," kocha alisema akicheka. "Mwongezeeni raundi tatu."

Lakini viganja havidanganywi. Wiki mbili kabla ya pambano, Siafu akiwa anajinyima maji ili apunguze kilo, ngumi zake zilinifikia kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina watu.

"Mjukuu wangu," nilimnong'oneza, "hiyo ni tisa."

"Babu, shika pedi. Kwani unapigana wewe?"

"Ngapi?" kocha aliuliza.

"Tano."

Kocha akanitazama. Uzee ulikuwa umenichosha kuhamahama. Niliinua pedi.

Jioni ile Siafu alikojoa mkojo wa rangi ya kahawa. Daktari alisema misuli imechanika, takataka zake zimeingia kwenye damu na kuziziba figo. Akalazwa wiki nne. Pambano akapewa mwenzake. Ndipo akaja kuchukua vitu vyake, na ndipo tukawa pale kwenye ngazi.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Mbona hukunisemea?"

"Ungenisamehe?"

"Nisingekusamehe, babu. Ningekutukana mpaka ukoo."

Tukacheka kidogo, kicheko cha msibani. Pumzi ilikuwa inamkwaruza kifuani, nikamuuliza taratibu, "Hapo ulipo, ngapi?"

Alifumba macho, akajitafuta kwa muda mrefu.

"Sijui," alisema. "Nikijiuliza, linakuja jibu moja. Nikilala, tano. Nikipanda ngazi, tano. Hata sindano ya figo, tano."

Nikampa mkono. Zilibaki ngazi kumi na moja, tukazishuka moja moja.

Figo hazikupona. Aliishi kwa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kwa miaka miwili na miezi minne, kisha mama yake akamzika. Mwenzake aliyepewa pambano alipigwa raundi ya pili, akaacha ndondi. Sasa anauza vipuri vya pikipiki. Kocha alipata ukumbi mkubwa zaidi. Mimi niliondoka mwezi mmoja baada ya siku ile ya ngazi, nikapata ulinzi kwenye ghala la saruji katika mji mwingine, na huko ndiko niliko.