Yared, Nipe Mji

Kwenye ukoo wa marehemu mume wangu hapa Kilosa, mposaji hapewi kiti mpaka ajibu kitendawili cha bibi wa binti. Akishindwa anarudi kwao, aje tena baada ya mavuno. Hata mimi niliposwa hivyo, na bwana wangu alisimama mpaka miguu ikamvimba.

Mwaka huu mvua ikakata barabara. Mshenga, Mzee Tomasi, kakwama Dumila. Mposaji mwenyewe, Yared, yuko kwao Munisagara, na Jumatatu anatakiwa kazini Dodoma. Mjukuu wangu Naomi, anayefanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni huko Mikumi, alikuwa ameomba ruhusa kwa ajili ya jambo hilo hilo. Akaniambia, "Bibi, posa tuifanyie kwenye kundi la WhatsApp. Siku hizi hata misiba watu wanahudhuria huko."

"Na kiti nitampa vipi?"

"Utamtumia picha ya kiti."

Nikakubali, maana mtoto alikuwa anatafuna kucha. Anampenda yule kijana, halikufichika hilo.

Jumamosi asubuhi tukakaa uani. Mwanangu Cleopa akashika simu, kwa kuwa ndiye mwenye miwani. Saa nzima ikaishia kwenye salamu. Kundi lina watu thelathini na mmoja, kila mmoja kaandika shikamoo Bibi, na mimi siachi shikamoo ya mtu ikalala chini.

"Mama, sema marahaba moja ya wote," Cleopa akalalamika.

"Kwani wote wamezaliwa siku moja? Rekodi!"

Tulipomaliza nikasema, "Kitendawili!"

"Tega!" Yared akajibu.

Nikaanza na chepesi: nyumba yangu haina mlango. Jibu likaja kabla sijafunga mdomo. Cleopa akasoma: "Yai. Yai lina protini nyingi na linafaa kwa kifungua kinywa."

Nikatega kile kilichomvimbisha miguu bwana wangu. Nacho kikajibiwa papo hapo, kwa aya tatu.

Nikamtazama Naomi. Naomi akatazama kuku.

"Anaiuliza simu?"

"Siku hizi wote wanaiuliza, Bibi."

"Babu yako naye alijua kila kitu. Njia ya Kilangali tulipotea mara tatu, na hakuna siku aliyokubali kwamba tumepotea. Mwanamume asiyeweza kusema sijui, mimi simpi mjukuu."

Naomi akaacha kutafuna kucha. Machozi yakamlenga.

Basi nikatunga changu mwenyewe, cha siku hiyo hiyo. "Namlisha amelala; akiamka anasema ya watu, yake hana."

Cleopa akasema inaonyesha Yared anaandika. Kaacha. Anaandika tena.

"Mtoto mchanga," likaja. Siyo.

"Kasuku." Kasuku gani analishwa amelala?

"Mtangazaji wa redio."

Mzee Tomasi naye akaingilia kutoka Dumila bila kuulizwa: "Mwenyekiti wa kijiji!"

"Yared, nipe mji," nikarekodi. Ndiyo desturi ya vitendawili: aliyeshindwa humpa mtegaji mji autawale, ndipo aambiwe jibu. Nilitegemea Morogoro, au hata Dodoma. Ikaja ramani yenye kidoa cha buluu.

"Katuma mahali alipo," Cleopa akasema. "Yuko karibu na stesheni ya Munisagara."

"Nani kamuuliza yuko wapi? Hata kutoa mji hajui!"

Tukacheka mpaka Cleopa akavua miwani aifute. Alipoivaa tena akasema, "Mama, kidoa kinatembea. Halafu kaandika hapa chini: Nakuja."

Hakuna aliyeinuka tena pale uani. Cleopa akageuka mtangazaji wa mpira. "Anaambaa na reli! Mbele yake hakuna mtu! Anakata kushoto!" Kisha kidoa kikasimama. Nusu saa. Naomi hakugusa ugali.

"Hapo pana mto," akasema taratibu. "Bibi, akigeuka?"

Na mimi nilikuwa nimekikodolea macho kidoa hicho, kana kwamba ni mimi ninayeolewa.

Kikasogea. Mbele.

Saa tisa alasiri Yared akatokea, tope mpaka magotini, baiskeli begani, simu mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Kusema kweli, Bibi. Vile viwili niliiuliza simu. Hiki cha tatu nacho niliiuliza, ikanidanganya mara tatu."

"Sasa hiki jibu lake nini?"

Nyuma ya mgongo wangu nikasikia bangili zinalia. Yared akatazama huko, akainamisha kichwa.

"Naomi ananionyesha mkono sikioni, Bibi. Lakini mimi sijui."

"Hujui?"

"Sijui."

"Cleopa, lete kiti! Siyo hicho kibovu, lete kile cha sebuleni!"

Naomi akapiga kigelegele peke yake, kikamtoka kabla ya wakati wake. Yared akakaa na tope lake lote, ndipo nikamwambia jibu ni hiyo simu aliyoishika, inayolishwa umeme ikiwa imelala. Akaigeuza mkononi, akaitazama kama jirani aliyemsengenya.

Tulikuwa tumeshaanza kula, simu ya Cleopa ilipolia. Mzee Tomasi, kutoka Dumila: "Nimepata! Ni mbunge!"