Mzani Uliopima Nyayo Zangu

Daktari alipokataza mawese, mke wangu Domitila aliyafungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Kwa miezi miwili nikala migebuka, samaki wa ziwa letu, ya kuchemsha na chumvi, mimi Elikana, mzaliwa wa Katubuka, penye michikichi kila kona!

"Pungua kwanza, Baba Happiness," aliniambia. "Ukipungua, Jumapili napika kwa mawese."

"Utajuaje?"

"Wewe pungua tu."

Sikuridhika. Nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya usiku, na tangu hapo napenda kila jambo liwe na tarakimu. Nikaenda Mwanga, dukani kwa Gasper, nikanunua mzani wa kioo unaopima uzito pamoja na mafuta ya mwilini. Kijitabu chake nilikisoma chote, kamusi mkononi. Kilieleza kwamba mzani hupitisha umeme mdogo sana nyayoni, na kwamba nyayo ziwe safi.

Jumamosi asubuhi nikaoga, nikasugua visigino kwa jiwe, kisha nikajipaka mise, yale mafuta ya kokwa za michikichi, hadi nyayo zikang'aa. Mtu mwenye heshima zake hapandi kwenye kioo na miguu iliyopauka.

Mzani ukaandika asilimia arobaini na moja.

Domitila alicheka mpaka akakaa chini. "Karibu nusu yako ni mafuta! Si nikukaangie samaki kwa jasho lako?"

"Mashine mbovu hii."

"Umeikanyagia mise, unataka isemeje?" Akanifuta nyayo kwa kitambaa kibichi. "Panda tena."

Ishirini na sita.

"Umeona! Nimepungua kwa dakika tano!"

"Haya, kausha miguu."

Thelathini na mbili. Kila tulipopima, mafuta yalikuja na habari mpya. Uzito peke yake ulisimama palepale: kilo themanini na mbili. Nikatafuta kadi ya kliniki. Miezi miwili nyuma nilikuwa themanini na saba.

"Kilo tano, Mama Happiness!" Nikaona aibu kidogo. Mzani wa kawaida ungenitosha kabisa.

"Hata huo wa nini?" akasema. "Suruali zako mbili nimeshazipunguza kiuno mwezi huu. Ulidhani zimejipunguza zenyewe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungedai mawese katikati ya wiki."

Jumapili alipika migebuka kwa mawese, ikawa myekundu, yenye harufu ya kuita majirani. Nikasogeza sahani niongezwe mchuzi. Domitila akafunika chungu.

"Ni huo huo tu," akasema, "ule polepole."

Nikala polepole sana.