Tuzo ya Mtaa Ulio Hai

Mwalimu Dorosela alitoka Makambako asubuhi na kitenge kipya, akafika Njombe na furaha ya mtu ambaye hatimaye amesikilizwa. Hakuwa msanifu wa majengo. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu. Lakini kila mwenye nyumba wa mtaa wao alipotaka kuziba baraza lake kwa vioo, ni yeye aliyemwandama kwa mdomo mpaka akaacha. Ndiyo maana nyumba zile za matofali ya kuchoma zilibaki na mabaraza yaliyoungana mwanzo hadi mwisho. Mvua ikinyesha, mtu anapita mkavu, mafundi cherehani wanaendelea kushona, wala hakuna anayeulizwa amekaa pale kwa ruhusa ya nani. Dorosela mwenyewe alipanga chumba hapohapo.

Sasa walimwita wampe tuzo ya watu wasio wasanifu wanaotetea majengo na miji ya asili. Mlangoni alipokelewa na mwenyekiti wa kamati, Lenard, mfanyabiashara aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akamsalimu kwanza kwa Kibena.

"Kamwene, Mwalimu! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene."

Ukumbi ulipojaa, Lenard akashika kipaza sauti. "Leo tunauenzi mtaa wa Mwalimu. Tumeupiga picha nzuri sana. Tutazitundika kwenye ghorofa letu jipya, ili wajukuu wajue hapo palikuwaje."

Makofi yakalia. Dorosela naye alikuwa ameshaanza kupiga, mikono ikagoma. Hapo? Palikuwaje? Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki alikuwa amekifundisha kusoma yeye mwenyewe!

Alipoitwa mbele hakuigusa tuzo.

"Lenard, nilikufundisha Kiswahili. Tukisema tunamuenzi fulani, huyo fulani yuko wapi?"

Lenard akacheka kidogo. "Mara nyingi... ametutoka, Mwalimu."

"Mtaa wangu umekufa lini?"

Lenard akarekebisha tai yake.

"Nimeuliza!"

"Wenye nyumba wameshatuuzia, mama yangu. Tunabomoa Jumatatu. Ni maendeleo."

"Basi hii si tuzo, ni rambirambi! Mmeniita nipokee rambirambi ya mtu mzima wa afya, mnayetaka kumuua nyinyi wenyewe, halafu niwashukuru. Hamna haya!"

Wakapiga makofi. Mshereheshaji akasema Mwalimu ameongea kwa hisia, aongezewe makofi, na waliokaa mbele wakasimama kabisa. Dorosela alitaka kulia kwa ghadhabu. Hata matusi yake walikuwa wameyageuza burudani.

Akangoja watulie.

"Haya. Jumatatu njooni wote. Nitakaa barazani tangu alfajiri, na sitainuka. Mwambieni dereva wa katapila aanze na mimi. Hapo mtatuenzi vizuri, mimi na mtaa wangu."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.